Namba Saba Hayupo

Prefe Kalonda, mkuu wa shule yetu ya sekondari, tulimzika juzi, na mvua haikutuheshimu. Nilikwenda matangani na kiti changu mwenyewe, kile cha chuma nilichokichomelea kwa mkono wangu, maana viti vya kukodi huvunjika chini ya watu wazima, na mimi sikubali kuanguka mbele ya wajane. Nikaketi ukingoni mwa shitingi, lile turubai la matanga, mahali ambapo mtu anasikia wanaume wanaocheza karata na pia wanawake walio kwenye moto. Wanaume walikuwa wanasema Prefe ameuawa na tumbo. Wanawake walikuwa wanasema ameuawa na ile shule, kwamba mtu hawezi kubeba watoto wa wenzake mgongoni miaka yote ile na mgongo ukabaki mzima. Mimi nilikuwa nakula wali wa marehemu na kutazama barabara.

Ndipo wakaanza kuingia watoto wake, ambao si watoto tena. Paskali alikuja na pikipiki kutoka Kindu, amekonda kama wanavyokonda waarbitri wote, waamuzi wa kukimbia bila kugusa mpira. Akanishika mikono miwili. "Papa Ramazani! Sisi tulisikia umekufa." Nikamwambia, "Aliyekufa ni Prefe. Usichanganye wazee." Akacheka, kisha akakumbuka yuko wapi akafunga mdomo. Nyuma yake akaja Zaina, ambaye sauti yake mnaijua hata kama uso wake hamuujui, ile sauti nzito inayotangaza mpira redioni. Alipofika karibu na mimi hakunisalimu kwa maneno. Aliinama tu, akaketi chini kwenye mkeka karibu na kiti changu. Wote wawili tulikuwa tunafikiri mwaka mmoja. Huo ndio ninaouandika hapa, kwa mkono wangu, na herufi zikiwa mbaya ni zangu. Nani alinizaa, nilioa nani, nilipataje nyumba ya mabati, hayo nayaacha. Anayetaka kujua mali yangu na apite mbele ya nyumba aitazame.

Mwaka ule Prefe Kalonda alikuja kwenye karakana yangu ya pikipiki saa ya jua kali, amevaa koti. Mtu anayevaa koti Kasongo saa ile ana jambo. Akaketi juu ya tairi, nami nikaendelea kufungua injini, kwa sababu sikuwa mwanafunzi wake. "Papa Ramazani," akasema, "niko na watoto wa mwaka wa tano na wa sita. Kila mmoja ananiambia atacheza mpira Ulaya." Nikamwambia, "Waongo." Akasema, "Si waongo. Hawajui tu kama mechi inalisha watu wengi wasiopiga mpira. Arbitri anakula. Anayekanda misuli anakula. Anayechora kiwanja, anayepanga safari ya timu, anayesema kwenye redio, wote wanakula. Nataka mutoto akitoka kwangu na diploma, awe pia na kazi moja ya michezo mikononi." Nikamuuliza mimi ninaingia wapi. Shule niliiacha darasa la tatu: mwalimu alinipiga, nikampiga. Prefe akajifuta jasho. "Najua. Ndiyo maana nimekuja mchana, watu wote wanione nikiingia kwako." Hapo nikaweka chini spana. Nilikuwa nimefundisha timu ya mtaa tangu nywele zikiwa nyeusi, na hakuna mtu mwenye koti aliyewahi kuketi juu ya tairi langu kuniomba kitu.

Darasa letu lilikuwa stoo iliyokuwa imejengwa kugusana na kiwanja cha shule. Chumba kirefu, cha matofali mabichi, kilichojaa madawati yenye miguu mitatu, magunia ya chokaa, na popo kwenye dari ambao walinyea daftari za watoto bila ubaguzi. Dirisha lilikuwa moja, bila kioo, likitazama upande wa kulia wa kiwanja. Tulianza baada ya masomo, mchana, saa ambayo Kasongo nzima imelala isipokuwa nzi. Mke wa Prefe alituletea wali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, na siku nzuri samaki wa moshi kutoka mtoni, tukala kwenye sinia moja, Wakristu na Waislamu, vidole vikigongana. Baada ya kula niliwatoa nje. Niliwafundisha kuvuta kamba na kumwaga chokaa ili mstari usiwe na kifua wala tumbo. Niliwafundisha kukanda paja la mtu kwa mafuta kuelekea moyoni, kamwe si kuelekea gotini. Paskali nilimfundisha kukimbia kinyumenyume na filimbi mdomoni, na wasichana waliokuwa wanapita na madumu ya maji walikaa chini kwa kucheka. "Chekeni," nikawaambia. "Siku moja atamtoa kaka yenu kwa kadi nyekundu."

Na Zaina. Alikuwa mwaka wa sita, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Asubuhi aliuza mikate ya kukaanga sokoni, na huko ndiko alikojifunza kupaza sauti bila kupiga kelele. Alitaka redio. Mkubwa wa redio yetu pale mjini alikuwa amemwambia Prefe kwamba siku Kasongo watakapocheza na Kabambare atamjaribu mwanafunzi mmoja, na akifaa, kazi ni yake. Basi Zaina akanishikia nguo. Mimi sijasoma utangazaji, lakini maisha yangu yote nimesikiliza mpira redioni mikono ikiwa ndani ya mafuta mazito, na najua mtangazaji mbaya anavyokera. Nikampa sheria. Kwanza sema mpira uko wapi. Halafu nani anao. Halafu anafanya nini. Mwenye redio ni kipofu, wewe ni macho yake. Na usinyamaze. Ukinyamaza, mutu nyumbani atapiga redio kofi, atadhani betri zimekufa. Alishika gunzi la muhindi kama mikro na akaanza na majina ya wenzake, lakini ikaleta ugomvi siku hiyohiyo. "Mbona kwako mimi ninapoteza kila mpira?" Paskali akamuuliza. Zaina akamjibu, "Kwa sababu ninatangaza ukweli." Wakakaribia kushikana. Nikamwambia Zaina aache majina ya watu, atunge yake, na aje mchana kabla ya wenzake, atangaze kiwanja kitupu. Anayeweza kukijaza kiwanja kitupu kwa mdomo hatashindwa na kilichojaa watu. Hiyo ilikuwa amri yangu, na sikuona ubaya wowote ndani yake.

Siku ile nilikuwa stooni nachanganya chokaa na majivu. Nje jua lilikuwa limesimama, mbuzi wamelala ndani ya magoli, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Sauti ya Zaina iliingia dirishani, nzuri, yenye mwendo, nami nilikuwa nafurahi kama mtu anayesikia injini aliyoitengeneza ikiwaka. "Mpira uko kwenye lango la upande wa mto. Sufuria ameudaka. Anamrushia Mpini, Mpini anapiga mrefu, Siku-ya-Soko anaukosa, Kasia anaupata katikati, Kasia anageuka, anatafuta kulia, anampa saba, anampa Kipanga..." Akanyamaza. Nikasubiri. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya redio: "Saba hayupo." Ndoo ya chokaa ilikuwa imenitoka mkononi na miguu yangu ilikuwa myeupe hadi magotini. Nikatoka nje hivyohivyo. "Majina hayo umeyatoa wapi?" Akashtuka. "Papa, si uliniambia nitunge?" "Umetunga?" Akatazama kiwanja, akatazama gunzi lake. "Hapana. Nikikaa kimya kidogo, yanakuja."

Sasa lazima niwaeleze. Kipanga ni mimi. Nilipokuwa kijana nilicheza namba saba katika timu ya Nyangwe, na Sufuria alikuwa kipa wetu, Mpini na Siku-ya-Soko mabeki, Kasia wa katikati, na wengine hadi kumi na mmoja. Yalikuwa majina ya utani, ya kiwanjani tu, hata mama zetu hawakuyatumia. Tulikuja kucheza Kasongo, kwenye kiwanja hichohicho. Timu zilikuwa sare wakati dhoruba ilipovunja mechi, na waarbitri na wakubwa wakakubaliana tumalizie asubuhi. Siku zile kulikuwa na desturi, na bado iko kwa wengi: timu ya wageni hailali kwa wenyeji wala haili chakula cha wenyeji. Utawekewa kitu kwenye mboga, miguu itakuwa mizito. Kwa hiyo kocha wetu akasema twende hadi Lualaba, tuvuke, tulale kwa wavuvi ng'ambo, na asubuhi turudi. Mimi nilikuwa na njaa. Mama mmoja wa Kasongo aliyekuwa anakaanga samaki mlangoni kwake aliniita, "Wewe mwenye namba saba, njoo ule, mwanangu, mimi sina mume anayecheza," nikaenda. Nilikula wali na samaki nikalala kwenye baraza yake. Wenzangu walinipita na kunitukana. Mpini akasema nimeuzwa kwa sahani, kesho watacheza kumi. Asubuhi Lualaba ilikuwa inatoa moshi wake ule mweupe, na mtumbwi uliobeba kumi na kocha ukapinduka ndani yake. Wavuvi waliwasikia wakiimba, kisha hawakuwasikia.

Mimi nilikuwa tayari kiwanjani, nimevaa jezi, peke yangu upande wa kulia. Kasongo wote kumi na mmoja walikuwa wamejipanga. Arbitri alikuwa amesimama na mpira chini ya kwapa. Watu wamejaa pembeni na ukungu haujatoka. Tulisubiri hadi jua likawa juu ya vichwa, ndipo mtu wa baiskeli akaja na habari. Arbitri aliingiza filimbi mfukoni akaenda nyumbani kwake bila kupuliza, na nani angemlaumu? Miili miwili ilionekana chini kwenye mawe, mingine mto ulibaki nayo. Kule Nyangwe matanga hayakumalizwa kamwe, maana familia nyingi hazikuwa na kaburi la kumaliza nalo. Walisema mimi nimewauza wenzangu kwa wali. Sikurudi. Nilibaki Kasongo, nikaanza kwa kuziba matairi ya baiskeli mbele ya nyumba ya yule mama, na nilivyo navyo leo vilianzia hapo. Sijuti kula. Njaa ilikuwa njaa, na wali ulikuwa wali tu. Lakini majina yale sikuwahi kumtajia mtu. Na Zaina si wa Nyangwe. Watu wake ni Wabangubangu wa Kabambare, walikuja Kasongo juzi tu na magodoro kichwani. Nilimuuliza bibi yake, mama yake mdogo, majirani. Hakuna aliyewahi hata kuiona Lualaba kabla ya miaka hiyo.

Nilimkataza asiende tena kiwanjani mchana. Hakwenda, lakini jambo lilimfuata. Tukicheza mechi ya kweli ya wanafunzi, anatangaza vizuri, majina ya kweli, kila mtu anashangilia, mpaka mpira uende kulia. Hapo ananyamaza. Kijana mwenye namba saba anasimama na mpira mguuni, jasho linamtoka, na Zaina kwenye gunzi lake anasema: "Saba hayupo." Kijana akavua jezi akamrudishia Prefe. "Mimi niko, Prefe. Muambie huyu dada mimi niko. Nyumbani mama ameanza kunigusa usingizini aone kama ninapumua." Baada ya hapo hakuna aliyetaka upande ule. Mbuzi nao waliuhama. Na mstari wa kulia, tuliouchora jioni ukiwa safi, tuliukuta asubuhi umekanyagwa, kwa upande wa ndani tu, kama watu walikuwa wanakimbia sambamba nao bila kutoka nje. Niliwapa watoto sababu: umande, mbwa, wanywaji pombe. Paskali akainama akatazama. "Papa, mbwa gani anajua mpira ukitoka nje ni wa kurusha?"

Kisimani nikasikia wanawake wakisema, bila kujua niko nyuma ya ukuta ninaosha pikipiki. "Ile darasa ya michezo ni ya kufundisha watoto kuita wafu." "Nani anawafundisha?" "Si yule Muzee wa Nyangwe? Yule aliyekula." Mwingine akasema, "Mutoto wa watu ataharibika, na sauti yake nzuri vile." Maneno yana miguu kuliko pikipiki. Haukupita muda, mjomba wa Zaina akaja kutoka Lusangi, anakochimba dhahabu, matope yamemkaukia hadi mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa anamlipia shule. Alitukuta stooni tunakula. Alikataa kunawa, akabaki amesimama.

"Prefe, ninakuheshimu," akasema. "Lakini nilikupa mutoto mwenye akili. Sasa niko nasikia hata Lusangi kama mutoto anasema na watu wa majini."

"Anasema mpira, Assumani," Prefe akajibu.

"Mpira gani ambao hauna watu? Kule kwetu kuko nyumba ya maombi. Watamufunga ndani mpaka ile kitu itoke. Ikitoka, atarudi. Isipotoka, ataolewa."

Zaina alikuwa ameshika tonge, halipandi wala halishuki. "Mujomba, jaribio la redio ni wiki ijayo."

"Redio itakuchukua wakati unanyamaza katikati? Nimesikia mukubwa wao amesema nini. Amesema, redio yangu haina nafasi ya kunyamaza." Na hilo lilikuwa kweli. Nilimsikia mwenyewe. Prefe akaomba, akasihi, mpaka Assumani akakubali kungoja hadi kesho mchana. Mutoto akimaliza mechi moja bila kusimama, atabaki. Akisimama, pikipiki ni hii, nguo zake ni hizo.

Jioni ile Prefe alinialika kwake. Alikuwa na sebule yenye viti vya vitambaa vyeupe ambavyo mtu wa karakana hapendi kuketi juu yake, na saa ya ukutani iliyokuwa imesimama miaka, lakini alikataa kuiondoa. Tukala samaki. Alimchambua wake mwiba kwa mwiba. "Mimi ni Mukristu, Ramazani," akasema mwishoni. "Sitakuambia ninaamini. Ninaona kitu kimoja tu: mutoto ana sentensi ambayo haimalizi. Na ndani ya ile sentensi kuko mutu." Nikamega tonge. "Nilizaliwa hapa," akasema. "Baba yangu alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wa Kasongo. Alisema kijana wa Nyangwe alisimama pale kulia hata baada ya watu wote kuondoka." Nikasukuma sahani. Nikamwambia hao ni wafu, na mimi ni mtu mwenye karakana na wajukuu, sikujenga maisha yangu ili mwalimu anirudishe kwenye matope. Niliondoka bila kunawa, vidole vinanuka samaki hadi nyumbani. Njiani nilimtukana Prefe, nikamtukana kocha wetu na desturi yake ya woga iliyoua watu kumi kwa kuogopa mboga. Lakini Zaina sikupata la kumtukana. Hakuwa ameomba kitu isipokuwa kazi.

Kesho yake mchana nilifunga karakana. Walikuwepo wanne: Prefe katikati ya kiwanja na koti lake, Paskali na filimbi, Assumani amekalia pikipiki aliyoizima kando ya njia, na Zaina kwenye dawati mbele ya dirisha la stoo, gunzi mkononi, midomo mikavu. Nilivua viatu. Nyasi zilikuwa zinaunguza. Nilitembea hadi kulia nikasimama mahali pangu, hatua chache kutoka mstari, na ninawaambia, mwili haukusahau: mguu wa kushoto mbele kidogo, mabega yakitazama lango. Nilijiona mjinga. Paskali akapuliza, na Zaina akaanza.

"Mpira uko kwenye lango la upande wa mto. Sufuria ameudaka." Na kiwanja kikabadilika. Sikuona mtu, sitawadanganya. Lakini kulikuwa na ile sauti ya nyasi kavu zinapokanyagwa na watu wanaojua wanakokwenda, ikija, ikirudi, na pumzi, na harufu ya maji ya mto, baridi, katikati ya jua lile. Mbuzi waliokuwa golini waliinuka wote kwa mara moja wakatoka wakitembea, hawakukimbia, kama wanaopisha watu. Prefe alishika koti lake kifuani. "Mpini anapiga mrefu. Siku-ya-Soko anaukosa. Kasia anaupata, Kasia anageuka, anatafuta kulia, anampa saba, anampa Kipanga..."

Akanyamaza. Nikamsikia Assumani akishuka kwenye pikipiki. Nilitaka kusema niko, lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa kama umeshonwa. Basi nikafanya lile ambalo winga yeyote hufanya akitaka mpira. Nikainua mkono.

"Saba..." Zaina akasema. "Saba yuko. Yuko, wasikilizaji! Kipanga ameupokea." Na mguu wangu wa kulia ukagongwa, si kwa nguvu, kama unavyogongwa na mpira wa ngozi uliolowa umande. Maisha yangu yote nimegusa mipira. Sihitaji mtu anifundishe mpira ni nini. "Lango liko wazi," akasema Zaina, na sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini haikusimama. "Kipanga anatazama lango. Anatazama wenzake." Ningepiga. Kijana aliyekula wali angepiga, akafunga, akawaonyesha. Lakini mechi ile ilikuwa sare siku ya dhoruba, na sikuona nani alikuwa anahitaji bao tena. Niliweka unyayo juu ya kile kilichokuwa mbele yangu, nikakisimamisha. "Ameusimamisha. Kipanga ameusimamisha mpira." Nikamgeukia Paskali. Alikuwa kijana tu, macho yamemtoka, lakini nilikuwa nimemfundisha kwamba wakati ukifika arbitri haombi ruhusa kwa mtu. Akapuliza, fupi, fupi, ndefu.

Baada ya hapo tukasikia watu wakiondoka. Wote tulisikia, hata Assumani, na sijawahi kumsikia akikana. Waliondoka kama watu wanavyotoka kwenye mechi ya sare: bila haraka, bila kelele, wakishuka njia ya mtoni. Unyayo wangu ukagusa nyasi. "Mpira umekwisha, wasikilizaji," akasema Zaina. "Wametoka sare. Kutoka Kasongo, mimi ni Zaina." Kisha akaliweka gunzi chini, akalia kama mtoto mdogo anavyolia akiamshwa. Assumani alisimama muda, matope yake yakidondoka, akaja kwangu. "Muzee," akasema, "muambie mutoto akale. Mimi ninarudi Lusangi kabla ya mvua." Akawasha pikipiki akaenda.

Redio ilimchukua. Siku ya Kabambare nilikuwa karakanani, nimekusanya mafundi wote na kuwakataza kugonga nyundo. Kila mpira ulipokwenda kulia, nilisogeza sikio kwenye redio. Yeye hakunyamaza hata mara moja. Saba wa Kasongo, saba wa Kabambare, wote walikuwepo, wote aliwataja. Mwaka huo darasa lilitoa arbitri, wawili wa kukanda, mmoja wa kupanga safari za timu, na mtangazaji, na watu wa kisimani walewale walileta watoto wao kuniomba nafasi. Niliwapokea, lakini niliwaacha kwanza wasimame juani kidogo.

Hayo yote yalikuwa kati yangu na Zaina pale matangani, mimi kwenye kiti, yeye kwenye mkeka. Miaka yote sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza, "Yale majina, nani alikuwa anakuletea?"

Akavuta khanga mabegani. "Kuko kijana mmoja alikuwa anasimama pale kulia, Papa. Nilikuwa ninasikia sauti tu. Alikuwa anayaita, moja moja, akitazama njia ya mto. Sufuria. Mpini. Kasia. Anangoja kidogo, anaita tena."

Asubuhi ile ya ukungu, kabla ya mtu wa baiskeli, ndivyo nilivyofanya. Niliwaita. Niliwaita hadi koo likakauka, na hilo sijalisema hata kwa mke wangu.

"Sauti ilikuwa yako," akasema Zaina, "lakini ya kijana. Na wao walikuwa wanaitika, mbali: 'Kipanga, tunakuja.' Kila siku, tunakuja, tunakuja."

Nikamuuliza walisema nini siku Paskali alipopuliza. Akatikisa kichwa. "Siku ile hawakusema kitu. Ni yule kijana alisema."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Basi, ndugu zangu. Musikuje tena.'"

Mimi siku ile mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Paskali yuko hai, muulizeni.